Habiba Haingilii Mlango wa Mbele

Baba Elisha,

Pokea salamu zangu kwanza, halafu ndiyo uulize kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema uvimbe umeshuka lakini bado anakanyagia kisigino, na mimi ninamjua Mama, akisema haumwi ndipo anapoumwa. Mpeleke tena hospitali ya Ngao hata kama atakugombeza njia nzima. Elisha amepona kikohozi? Neema bado anakataa uji? Na mto je, maji yamefika wapi, migomba yetu ya chini imesalimika? Habiba bado anatuletea maziwa au ng'ombe wao wamehamia mbali? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe utauona humu ukiendelea kusoma.

Nimeandika kwa sababu nikikutumia sauti kwa simu unaisikilizia pale kwa fundi wa simu Garsen, spika wazi, na jioni shemeji ananipigia kunipa pole kwa maneno niliyokuambia wewe. Haya ya leo ni yako. Kuna dada mmoja wa kanisani, mtu wa Malindi, anarudi nyumbani kumwoza binti yake, na amekubali kuibeba barua hii. Ataipandisha basi la Garsen. Isome ukiwa peke yako, shambani ikiwezekana, na usimpe shemeji akusomee kwa sababu eti miwani umeisahau.

Lililonifanya nichukue kalamu ni ujumbe wako wa juzi. Niliusikiliza nikikunja nguo za mzee wa huku kazini. Umesema chifu anatafuta wanaume wa kijijini wawe polisi wa akiba, kwamba jina lako limeshapelekwa, na kwamba baada ya mafunzo utapewa bunduki ya serikali uje nayo nyumbani. Sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu Neema azaliwe. Halafu ukanitumia na ile klipu ya baba wa Kimarekani aliyesimama sebuleni kwake na bunduki, mwizi anaruka dirishani, mke analia kwa furaha, na chini ukaandika kwamba nyumba yenye mwanamume ndivyo inavyokaa. Niliitazama, nikausikiliza ujumbe wako mara ya pili, nikanyamaza. Najua kunyamaza kwangu kumekuuma.

Baba Elisha, hiyo klipu ninaijua. Umenitumia kutoka kijijini kwetu Wema kitu ambacho hapa kinaonyeshwa sebuleni mchana kutwa huku mimi nikipika supu. Mzee Harold, huyu ninayemtunza, ana kiti kimoja na chaneli moja. Asubuhi ni habari za nani kavamiwa wapi. Mchana ni kipindi ambacho watu waliovamiwa wanasimulia na waigizaji wanaigiza yaliyotokea: giza, mlango unalia, mama anamkumbatia mtoto, baba anafungua droo. Katikati huwa na matangazo ya bunduki zenyewe. Familia imelala kwenye shuka nyeupe, mtoto anatabasamu usingizini, na sauti nzito inakuuliza kama uko tayari. Nimekaa na kipindi hicho zaidi ya mwaka sasa, na sijaona hata siku moja aliyeingia akawa ni jirani, au mtoto wa nyumba hiyo aliyesahau ufunguo. Kila anayeingia ni mwizi, na kila baba analenga sawasawa. Na mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kusafisha nyumba ya watu, nikiwaona wameshakumbatiana huwa najiuliza ni nani aliyepangusa sakafu. Hilo hawaonyeshi.

Mzee mwenyewe si mtu mbaya. Anapenda nimwimbie nyimbo za kwaya nikimkata kucha, ingawa haelewi hata neno moja. Mkewe alifariki, na binti yake anakaa mji mwingine, huja Jumapili. Huku ni mashambani, Iowa, mahindi yamelimwa hadi macho yanachoka, na humo ndani humwoni mtu. Hakuna anayefukuza nyani, hakuna anayekuuliza umeamkaje. Tangu nifike sijasikia mtu wa mtaa huu ameibiwa hata ufagio. Lakini mzee anafunga milango mapema kuliko sisi tunavyofunga banda la kuku, na kwenye droo ya kimeza kilicho kando ya kiti chake, chini ya leso na miwani, kuna bastola. Siku ya kwanza ya kazi binti yake alinionyesha dawa, nambari ya daktari, kisha ile droo, akaniambia hiyo nisiwe ninaifungua kupangusa vumbi. Nilicheka nikidhani ni mzaha.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Ilikuwa wakati wa theluji. Nilikuwa natoka dukani alasiri, viatu vimejaa matope ya barafu, mikono yote imejaa mifuko. Unajua tulivyolelewa. Kwetu mlango wa mbele ni wa mgeni, wa mchungaji, wa watu walioleta posa. Mtu wa nyumba huzunguka nyuma, huacha viatu nje na kuingilia jikoni, na kama kuna mzee amepumzika, huingia bila kishindo. Ukipita mbele na viatu vyako Mama atakuuliza kama siku hizi umekuwa mgeni. Haya hata sikuyafikiria, miguu ilinipeleka yenyewe. Nikazunguka nyuma, nikavua viatu, nikafungua polepole kwa ufunguo wangu, kwa sababu nilisikia televisheni na nikajua mzee amesinzia mbele yake.

Hakuwa amesinzia. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na nguo zake za kulalia, ameshika bastola kwa mikono miwili kama wanavyoshika wale wa kwenye kipindi. Baba Elisha, mtu huyu nilikuwa nimemwogesha asubuhi ileile. Alinitazama usoni na hakuniona. Nilitaka kutaja jina langu, likakataa kutoka. Kilichotoka ni hodi. Nikasema hodi, hodi, na huku nimeshaingia ndani, mifuko bado iko mikononi, na yeye akafyatua.

Risasi ilinipita ikaingia kwenye kabati la vyombo. Nilikaa chini kwenye vigae nikasubiri maumivu, hayakuja. Nikasikia sahani zikimalizia kuanguka humo ndani, moja moja. Mzee alianza kulia.

"Nilidhani ni wao," alisema.

Nikamuuliza ni akina nani. Aligeuka akatazama sebuleni, ambako televisheni ilikuwa bado inaongea.

Nilimtoa ile bastola mkononi, nikaiweka juu ya friji, nikamkalisha, nikampikia chai. Ndiyo, nilimpikia chai. Kukasirika kulikuja kesho yake, nikiwa naokota vigae vya sahani.

Binti yake alikuja na mlango mpya wa kabati. Aliniomba radhi, akanikumbatia, akalia kidogo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba ningepiga tu kengele ya mbele. Nilimwomba aondoke na bastola. Akasema baba yake ana haki ya kujilinda nyumbani kwake na kwamba bila hiyo hapati usingizi. Ikarudi kwenye droo, chini ya leso. Tangu siku hiyo nikienda kutupa takataka, nikirudi nazunguka mbele, napiga kengele ya nyumba ninayolala, nasimama kwenye baridi mpaka nimsikie akisema ingia. Nikitembea ndani ninaimba ili ajue ni mimi. Kazi naiweza, unajua ninavyofanya kazi. Kinachonichosha ni kujitambulisha kila saa kwa mtu anayenijua. Utauliza kwa nini sikuondoka. Vibali vyangu vimefungamanishwa na kazi hii, na watoto wanasoma. Hilo tuliache.

Siku chache baadaye yule binti, nadhani kwa kutaka kunifurahisha, akatafuta habari za kwetu kwenye simu yake. Akanionyesha filamu fupi. Vijana wawili wamefunika nyuso, wana bunduki, muziki wa kutisha unapigwa, na mtangazaji anasema huko Tana kila mtu anajilinda mwenyewe. Sikuona mgomba hata mmoja. Mto waliupiga picha kutoka juu, maji ya tope tupu, kana kwamba hakuna anayefulia wala kuoga humo. Akaniambia, kwa huruma, kwamba sasa anaelewa nimetoka wapi, na bila shaka mimi ninamwelewa baba yake kuliko watu wengine. Yeye anadhani kwetu ni kama kipindi cha baba yake, na wewe huko unataka kwetu kufanane na hicho kipindi.

Na wewe ninakujua, usininunie. Kuku wa Krismasi anachinjwa na mama yako wewe ukiwa umekwenda kutafuta kuni ambazo hazionekani mpaka nyama iive. Yule bata mzinga wa mwalimu alikukimbiza hadi ukaingia mtoni na suruali ya kanisani. Nilikupenda siku ile, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini sikucheki kwa woga. Ninajua furaha yako ya sasa inatoka wapi. Inatoka siku ile tuliyovuka mto, nyuma yetu nyumba zinaungua. Uliniambia mara moja tu, ukiwa na homa, kwamba mwanamume aliyeacha nyumba yake ikiungua hana la kusema mbele ya wenzake. Mimi nilikuwepo, Baba Elisha. Nilikuona ukimbeba Mama mgongoni mpaka kwenye mtumbwi, kisha ukarudi kusukuma mitumbwi ya watu ambao hata si ndugu zetu. Ulichoacha kule ni makuti na vyungu. Watu wote wa nyumba yako ulivuka nao. Hakuna anayetengeneza klipu ya mwanamume aliyembeba mama yake, na kwa hiyo wewe mwenyewe huoni kama ulifanya jambo. Mimi naliona mpaka leo. Nilipaswa kukuambia zamani.

Na ukumbuke tulivuka mapema kwa sababu ya nani. Unamjua Habiba anavyokuja. Anatoka kwao kungali giza ili awahi kurudi kabla mifugo haijatoka, anazunguka nyuma ya nyumba, hapigi hodi ili asiamshe watoto, anafungua jikoni mwenyewe, anamimina maziwa kwenye sufuria yetu na kuchukua ndizi au mchele tuliomwekea. Siku ukiamka mapema mnasalimiana. Siku ukilala unakuta maziwa tu. Ndivyo mama yake alivyokuwa akija kwa Mama, na wakati wote huo, malisho yawepo yasiwepo, wakubwa wao wafugaji na wetu wakulima wagombane wapatane, mlango ule wa jikoni haukutiwa komeo.

Alfajiri ile hakuleta maziwa. Wewe ulikuwa umekwenda kutazama mitego, mimi nimelala na Elisha. Aliingia kwa njia ileile, akapita jikoni mpaka chumbani, akanigusa mguu. Alikuwa anahema kwa kukimbia.

"Mama Elisha," alisema, "leo hapana lala hapa. Chukua watoto, chukua mama mzee, enda ng'ambo."

Akatoka. Sikumuuliza ni nani wanaokuja, na mpaka leo hatujawahi kulizungumza, yeye na mimi. Kama wenzake wangemwona sijui wangemfanya nini. Tuliporudi tukajenga tena, muda ulipita, kisha asubuhi moja Mama akakuta maziwa kwenye sufuria. Alikaa chini akalia, unakumbuka, akatukataza kuyachemsha mpaka ayaombee.

Sasa nifikirie nini ninapolala hapa? Nafikiria mlango wa jikoni unalia. Wewe umeamka ghafla, jana ulikuwa unatazama klipu hizi mpaka simu ikazima, bunduki iko chini ya kitanda. Mtu aliyejifunga shuka nyeusi anapita gizani bila kusema neno, anakuja upande wa watoto. Utamwona Habiba? Mzee Harold hakuniona mimi, na ilikuwa mchana, na taa imewaka, na mimi ndiye ninayemlisha.

Usiniambie bunduki ya serikali ni ya kulinda kijiji na si ya jikoni. Hilo ninalijua. Ninajua pia kwamba polisi wako mbali na barabara ikikatwa na maji hakuna anayefika. Wanaoogopa huko wana sababu, na mimi niliyeko ng'ambo ya bahari sina haki ya kuwaambia wakae mikono mitupu. Labda zingewekwa mahali pamoja, mtu akienda zamu achukue, akimaliza arudishe. Sijui, mimi si chifu. Ninachojua ni nyumba, na nyumba yenye kitu hicho nimeiona inavyokaa. Inakaa kimya sana, watu wake wanapigiana kengele.

Nakuomba jambo moja tu. Kabla hujaenda kwenye hayo mafunzo, amka mapema siku moja umsubiri Habiba jikoni. Mwambie kuanzia sasa asiingilie nyuma. Apite mbele, asimame mbali, apige hodi kwa sauti kubwa mpaka umjibu, kwa sababu ndani kuna bunduki na gizani huwezi kujua aliyeingia ni nani. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume Mama wala Elisha. Ukiweza kumtazama usoni na kulisema hilo likaisha, nenda ukaichukue, na mimi sitakuuliza tena. Ukishindwa, msaidie kushika sufuria amimine maziwa, mpe ndizi zake, umuulize habari za ng'ombe. Nitataka kujua alikujibu nini.

Msalimie sana Mama, umwambie dawa ya kuchua inakuja na huyu dada wa Malindi na asimgawie jirani. Msalimie shemeji, na kama anaisoma barua hii juu ya bega lako, mwambie aone haya. Mwimbishaji wetu wa kwaya mpe pole kwa kufiwa. Mwalimu wa Elisha mshukuru kwa kumsogeza mtoto dawati la mbele. Elisha mwambie jino lililotoka asilitupe ovyo kabla hajanipigia kunionyesha, na Neema umbusu kwenye shingo pale anapocheka. Habiba msalimie wewe mwenyewe.

Na siku nitakayorudi sitakuambia nafika saa ngapi. Nitashuka Garsen, nitatafuta pikipiki, nitazunguka nyuma ya nyumba yangu, nitavua viatu, nitasukuma mlango wa jikoni na kuingia bila hodi. Nataka nikukute umelala usingizi.

Ni mimi mkeo,
Mama Elisha